Orodha ya Watoto Wanane

Chelimo alinipigia simu Jumanne nikichambua sukuma wiki, akaniambia mama yake, Mama Chelagat, amefariki na mazishi ni Jumamosi kule Chepsaita. Alilia kidogo, nami nikalia kidogo, halafu akarudi kazini kama mabinti wanavyojua kurudi: hema limepatikana, mchungaji amepatikana, kilichobaki ni historia ya marehemu ipelekwe kuchapishwa. Alitaka nimwandikie mistari mitano juu ya kazi ya mama yake. "Andika tu vile mlianzisha daycare na mkapata certificate ya county," akasema. "Watu wa huku hawajui hiyo story." Nikamwambia sawa. Nimewahi kuandika barua za kuomba karo, barua za kuomba radhi, hata barua ya kuvunja uchumba kwa niaba ya jirani aliyeogopa, lakini mistari mitano ya Mama Chelagat ilinishinda siku tatu mfululizo. Mwishowe nilimtumia Chelimo sentensi mbili za kawaida, kwamba marehemu alipenda watoto na alikuwa mchapakazi, zikasomwa kaburini, watu wakaitikia amina. Haya mengine nimeyaandika hapa kwa sababu hayangeingia pale.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikiishi Kiplombe katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili na jiko, ndani ya ploti ya Mama Chelagat. Yeye alikaa nyumba ya mawe upande wa pili wa uwanja, pamoja na ng'ombe wawili aliozungumza nao vizuri kuliko alivyozungumza na wapangaji. Watoto walianza kuja kwangu bila mpango. Jirani mmoja aliniachia wake siku ya kliniki, akamsifia mwenzake jinsi mtoto alivyoshinda ametulia, basi kesho yake wakawa wawili. Kufikia Krismasi viti vyangu vilikuwa vimehamia kwa Mama Chelagat, na sebule ilikuwa imebaki magodoro, mkeka na benchi moja refu ambalo fundi alilipunguza miguu ili watoto walifikie. Chumba kilinuka uji wa wimbi, mafuta ya kujipaka na, tuseme ukweli, mikojo. Kina mama waliniita Mwalimu, ingawa sikusomea ualimu wala kitu kingine chochote baada ya kidato cha nne. Mama Chelagat alikuwa akija asubuhi na birika la maziwa akisema anakaa dakika tano tu, kisha anaondoka mtoto wa mwisho akishachukuliwa. Watoto walimwita Gogo, kama Wakalenjin wanavyomwita nyanya, na hata wale wa Kiluhya kama mimi walimwita hivyo hivyo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakukubali, nalo ni kuwahesabu watoto. Saa kumi jioni, kabla ya mama wa kwanza kubisha, alisimama mlangoni akawaita kwa majina, kuanzia mdogo hadi mkubwa, na kila mmoja akaitikia au akaguswa kichwa. Akimaliza majina, amemaliza. Ukimwuliza wako wangapi alikujibu, "Wako." Ukisisitiza alikwambia wametosha. Alisema mbuzi ndio huhesabiwa, kwa sababu mbuzi ni wa kuuzwa, lakini ukimhesabu mtoto wa mtu unamtenga na wenzake na hujui nani amesikia. Kwetu pia wazee walikuwa na mwiko huo huo, wala sikuwa mgeni nao. Lakini nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na nilijiona nimeyavuka mambo ya wazee. Nilikuwa nikiwahesabu kimoyomoyo huku nimemgeuzia mgongo, nikijisikia mjanja.

Mwezi wa kwanza chifu aliitisha baraza. Kaunti ilikuwa imeamua kwamba kila nyumba inayolea watoto wa watu isajiliwe na ikaguliwe, na isiyo na cheti kufikia mwisho wa mwaka itafungwa. Nilitoka pale nimefurahi. Wenzangu walinung'unika njia nzima, mimi nikawa naona cheti changu kimeshatundikwa ukutani, kina muhuri, kina jina langu kamili, Beatrice Nekesa. Nilikuwa nimechoka kuitwa Mwalimu kwa hisani. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu huwa nasimulia kana kwamba niliyafanya yote kwa ajili ya watoto. Niliyafanya kwa ajili yao, na kwa ajili ya ile fremu.

Basi nikaanza kufuata karatasi. Nilikaa wiki nzima katika ukumbi wa kanisa tukifundishwa jinsi ya kumpiga mgongoni mtoto aliyesakamwa, tukitumia mwanasesere mmoja watu ishirini. Nilipimwa choo na kifua ili niruhusiwe kupika uji ambao nilikuwa nimeupika mwaka mzima bila mtu kufa. Kwa cheti cha tabia njema niliambiwa nipeleke alama za vidole, na hapo ndipo nilipokwama. Polisi aliyekuwa akizichukua alinibonyeza kidole gumba mara tatu, akakitazama, akaniuliza kwa upole, "Mama, hizi vidole zimeisha. Unafanya kazi gani?" Nikamwambia nafua nepi. Akanituma nyumbani nipake mafuta wiki mbili na nisiguse sabuni. Wiki mbili hizo Mama Chelagat alifua kila kitu, amekaa juu ya ndoo uwanjani, mvua ya Aprili ikimnyeshea mgongoni, na kila nilipopita aliniuliza kama serikali imeviona vidole vyangu au bado. Mara ya pili vilionekana. Nilirudi nikimwonyesha mikono kama bibi harusi.

Kilichobaki ni ukaguzi wa nyumba. Barua ilisema afisa wa afya atakuja Jumatano moja ya Julai, na nikafanya alichofanya kila mtu niliyemjua anapotarajia mgeni wa maana: niliijaza nyumba. Siku za kawaida hawakuja wote. Huyu mama yake hana kibarua leo, yule ana mafua, mwingine amepelekwa kwa shangazi. Kwa siku nilikuwa na wanane au tisa. Lakini mgeni hakuti nyumba tupu. Nilipita nyumba hadi nyumba kuwaomba kina mama wamlete kila mtoto, asikosekane hata mmoja, wawe wameoga na kupakwa mafuta. Jumanne jioni nilikuwa jikoni nikiosha masufuria nikawasikia wawili wakizungumza langoni. Mmoja alikuwa mama yake Brayo, muuza mitumba. Mwingine Lilian, mama yake Cherop, aliyekuwa akipikia wanariadha katika kambi moja ya mazoezi kule Kaptagat. "Mimi namvalisha ile ya Christmas," Lilian alisema. "Daycare yetu ikipata certificate, hata kule camp nitawaambia mtoto wangu ako mahali pa maana." Mama Brayo akasema yeye atamfunga Brayo mdomo kwa mandazi, maana Brayo alikuwa akilia tangu anapoingia mpaka usingizi unapomchukua. Wakacheka. Nilisugua sufuria lile mpaka likang'aa kuliko lilivyonunuliwa.

Afisa alikuja na matope hadi kwenye vifundo vya miguu, mtu mpole wa makamo, na tepu ya kupimia mfukoni. Watoto walikuwa wamepangwa kwenye benchi na mkekani, wanameta, wamevaa nguo za Krismasi katika baridi ya Julai. Alitazama choo, akatazama maji, akafunua sufuria, akaonekana ameridhika. Kisha akafungua fomu, chini ya kila karatasi kuna kaboni, akamgeukia Mama Chelagat kwa sababu ndiye mkubwa.

"Mama, watoto ni wangapi?"

"Wako."

"Naona wako. Nauliza ni wangapi."

"Wametosha," Mama Chelagat akasema. "Andika hivyo, wametosha."

Afisa akacheka kidogo, akanitazama mimi. Niliona cheti kikiyumba kwa sababu ya mambo ya wazee. Nikasimama mbele ya benchi, nikanyoosha kidole, nikawahesabu kwa sauti, mmoja mmoja, huku nikimgusa kila mmoja paji la uso. Kumi na wanne. Nilisema kwa fahari kabisa. Nilipogeuka Mama Chelagat hakuwepo. Alikuwa ameenda kwa ng'ombe wake. Afisa akaandika. Ndipo akatoa tepu, akapima sebule urefu na upana, akapiga hesabu pembeni ya karatasi, akairudia, halafu akakaa kwenye kona ya benchi karibu na Cherop kama mtu aliyeambiwa kuna msiba.

"Mwalimu, hii room ni ya watoto wanane," akasema. Nikamwambia kuna chumba cha kulala. Akasema chumba ninacholala mimi hakihesabiwi. Nikamwambia nyumba ya mawe ni kubwa. Akasema iliyoombewa cheti ni hii, na ndani ya ploti nzima hatakiwi mtoto wa kulelewa asiyekuwa kwenye orodha. Kisha akaniuliza polepole, "Kwani kila siku wanakuja wote?" Nikamwambia hapana, nimewaita kwa ajili yake. Alifumba macho. "Si ungeniacha tu nikute wale wa kawaida," akasema. "Sasa nimeshaandika, na imeingia kwa carbon." Hadi leo sijui kama alikuwa akinilaumu au akiniomba msamaha.

Nilikuwa nimemchinjia kuku. Niliogopa kumnyima na niliona haya kumpa, mwishowe nikampa, na juu ya ugali nikamwekea firigisi, kama tunavyomwekea mgeni wa heshima kwetu. Aliila bila kuniangalia. Alipomaliza aliniambia nina wiki moja ya kupeleka majina manane yaliyotiwa sahihi na wazazi, na kwamba atakuwa akipita bila taarifa, na akikuta wa tisa itabidi afunge. "Nimekula chakula yako na sina la kukusaidia," akasema. "Ningekuwa nalo ningesema." Nilimwamini. Nimekutana na maafisa wabaya baadaye, yeye hakuwa mmoja wao, na ndiyo maana sikupata hata mtu wa kumchukia.

Wiki ile nilishinda na daftari. Nilimwomba Mama Chelagat tukae tuchague pamoja, akakaa, akaweka mikono mapajani, akayataja majina yote kumi na manne kuanzia mdogo hadi mkubwa. Nikamwambia lazima sita watoke. Akayataja tena yote. "Wewe ndio uliwahesabu," akasema, bila ukali. "Mimi najua majina tu." Nilimkasirikia sana. Nilimwambia mwiko haulei mtoto, nikamwambia maneno mengine ambayo siyarudii sasa kwa kuwa amezikwa. Alimchukua Brayo aliyekuwa akilia akaenda naye kumwonyesha ndama.

Watano wa kwanza walitoka kwa urahisi wa aibu. Mapacha wa mwalimu wa shule ya msingi, kwa sababu baba yao angeweza kuajiri msichana wa kazi. Wa fundi viatu, ambaye alikuwa na dada mkubwa aliyemaliza shule. Mmoja karibu aanze nasari, mwingine wazazi walikuwa wakihamia Turbo. Wa sita ndiye aliyenimaliza. Nilibaki na Brayo na Cherop kwa nafasi moja. Brayo hakuna nyumba nyingine ingemvumilia hata asubuhi moja. Nilijua hivyo kwa sababu mbili zilikuwa zimeshamrudisha. Cherop alikuwa na miaka mitatu, alikula alichopewa, alilala alipolazwa, na alikuwa na tabia ya kuwafunika wenzake shuka wakilala. Nikajiambia mtoto kama yule mtu yeyote atampokea kwa furaha. Ilionekana ni akili. Nikamwandika Brayo.

Lilian nilimwambia langoni, jioni, Cherop ameshashikwa mkono. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilikuwa hata nimepanga nitakavyojibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarekebisha kofia ya mtoto, akasema, "Ni sawa tu, Mwalimu. Si umejaribu." Baada ya siku chache akawaambia watu kwamba amempeleka Cherop kwa nyanya yake reserve, huko mashambani, na mimi nikashusha pumzi. Septemba cheti kikatoka. Kilikuwa kizuri, kina muhuri wa rangi ya zambarau, na kina mama wanane walikuja kukitazama, wengine wakapiga picha wakiwa wamesimama kando yake.

Mama Chelagat ndiye aliyegundua. Alikuwa akipeleka maziwa ploti ya tatu kutoka kwetu, alikopanga Lilian, akasikia mtoto akiimba ndani ya chumba chenye kufuli nje. Aliijua sauti. Cherop hakuwa amepelekwa popote. Lilian alikuwa ametafuta mtu, jirani aliyemkubali akahama. Alimbeba Cherop akaenda naye kambini, kocha akakataa moto na mtoto jikoni pamoja. Basi akawa anaondoka alfajiri, anamwachia uji kwenye thamosi na ndoo kwenye kona, anafunga kufuli, anawahi kurudi saa tisa. Haya yote tuliyajua baadaye. Wakati ule tulijua kufuli tu, na saa lilipofunguliwa.

Siku hizi watu wakisikia hapa huniuliza kwa nini hatukufanya kitu, na huwa nawaomba waniambie kipi. Tungemleta kwetu, afisa angemkuta, na wale wanane nao wangerudi nyuma ya makufuli yao. Alikuwa ameshapita mara mbili bila taarifa. Tungeripoti, mama angekamatwa na mtoto angepelekwa kwenye makao. Tungemwomba Lilian ufunguo, lakini angejua kwamba tunajua, na Mama Chelagat alikuwa na hakika kwamba kwa aibu angehama kesho yake kwenda mahali ambapo hapiti mtu wa maziwa. Nilifikiria hata kuacha yote, nirudishe cheti, nichukue Cherop peke yake. Nilifikiria hilo kwa dakika kadhaa, nikiwa na mtoto mwingine mgongoni.

Alichofanya Mama Chelagat ni kuhama kazi. Kila asubuhi, watoto wakishakunywa uji, alichukua stuli na ungo wa maharagwe akaenda kukaa nje ya mlango ule, akichambua na kuzungumza na mtu wa ndani mpaka karibu na saa tisa, kisha anaondoka kabla Lilian hajafika. Fomu yangu ilisema walezi wawili. Afisa alipopita Oktoba aliwahesabu watoto akafika wanane, akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia ameenda kazini. Alinitazama kidogo, akaandika kwamba wapo wote wawili.

Januari Cherop alipata nafasi katika nasari karibu na kambi, wakahamia Kaptagat, na sikumwona tena. Kwa hiyo nina bahati, najua hivyo. Hakuungua, hakuugua, hakuna siku mlango ule ulifunguliwa na watu wakapiga kelele. Lakini ninakumbuka asubuhi moja ya Novemba, watu wakivuna mahindi, Mama Chelagat alipoamka na miguu imevimba. Alikaa kwenye godoro la watoto akaniambia, "Mimi nitaangalia hawa. Wewe nenda." Sikutaka. Nilikuwa nimeupitia mbali mlango ule miezi miwili mizima, hata nikitumwa chumvi nilizunguka. Alininyooshea stuli.

Chini ya mlango kulikuwa na mwanya wa kama vidole viwili. Nilipoweka stuli niliona kivuli kikisogea, kisha kikakaa.

"Gogo?"

"Si Gogo. Ni Mwalimu. Gogo mguu inamuuma."

Kivuli kilirudi nyuma, nikadhani ameniogopa au amenikasirikia, na nilitamani iwe ni hasira. Nilimwuliza kama amekunywa uji, akasema ndiyo. Nikamwuliza kama anasikia baridi, akasema amevaa sweta. Sikuwa na kingine. Mama Chelagat alikuwa na hadithi na nyimbo na habari za ndama. Mimi nilikuwa na maswali ya fomu. Kisha nikaona ncha za vidole vyake kwenye mwanya, zikipapasa vumbi, nami nikaweka vyangu juu yake.

"Mwalimu, na wengine pia wamefungiwa?"

Nikasema ndiyo. Nikasema wote wako kwao, milango imefungwa, mpaka mama zao warudi.

"Hata Brayo?"

"Hata Brayo," nikasema. Saa hiyo Brayo alikuwa nyumbani kwangu, amelala kwenye godoro, ameshiba.

Vidole vyake vilikuwa vimetulia chini ya vyangu, vina joto.

"Ambia Brayo asilie," akasema. "Ambia yeye mama anarudi."

Nikamwambia nitamwambia.